Lusahunga, Tazama Benchi Kwanza

Juzi baada ya misa, hapa Ntobeye, vijana wawili walinisimamisha nje ya kanisa. Mmoja ni Deusi, mtoto wa jirani yangu, amemaliza chuo na anatafuta kazi. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikaitikia marahaba, kisha akasema, "Bibi, wiki ijayo tunapita Lusahunga tukielekea Mwanza. Wewe ulikuwa mpishi kule. Tule wapi?"

Hilo lilikuwa swali la heshima, na nilishaanza kulitafutia jibu la heshima. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akachomoa simu. "Usimsumbue Bibi, mbona iko hapa," akasema, akatuonyesha picha ya kuku aliyelazwa kwenye sahani na majani ya giligilani pembeni. "Hoteli hii ina nyota nne."

Nyota! Mimi nimepika Lusahunga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka magoti yalipokataa kuchutama mbele ya mafiga, halafu nyota ndizo zinajibu badala yangu.

"Nani alizitoa hizo nyota?" nikamuuliza.

"Watu tu, Bibi. Waliokula."

"Walikula nini?"

Akaitazama tena picha ya kuku.

"Na usiku walilala, au walikesha chooni?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na hasira yangu, nikanywa chai, hasira ikabaki pale pale. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia ninyi wawili na wengine wote mnaotembea na simu mkononi na njaa tumboni. Nitawaambia wapi pa kula Lusahunga, lakini kwa njia yangu, na mtanivumilia nikifoka.

Asiyeijua Lusahunga anadhani ni mahali pa kuchimba dawa tu, abiria washuke, wakimbilie kichakani, wapande tena. Mwenyeji anajua kwamba ule ni mji wa kula. Barabara zinakutana pale, moja inatoka Nyakanazi, nyingine inashuka Rusumo, nyingine inakwenda Biharamulo, na kila gari linaleta watu wenye njaa. Wengi wetu hatukwenda kulima. Tulikwenda kulisha. Kuna Wahangaza, Wasubi, Wasukuma, Wahaya, kila mmoja na sufuria lake na kelele zake, na ukipita saa za mchana utaitwa mwanangu, mjomba, baba, bosi na mheshimiwa kabla hujavuka mita chache. Katika kelele hizo zote, mgeni atajuaje pa kuingia?

Zamani alijua. Alitazama benchi.

Benchi lilikuwa la Mama Zaituni, Msubi wa Biharamulo, Mwislamu wa swala tano, mwembamba wa mikono na mnene wa sauti. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilifika kwake nikiwa nauza ndizi za nyumbani, akanunua mkungu, akanitazama ninavyomenya, akasema, "Binti, kisu unakijua. Kaa hapa unisaidie." Nikakaa mpaka nikazeeka.

Sasa sikilizeni jambo la benchi, maana vijana wa leo hata kwetu mmeanza kulisahau. Huku kwetu mwenye pombe hamkabidhi mgeni kibuyu kabla yeye mwenyewe hajaonja. Anapiga funda mbele ya macho yake, ndipo anampa. Si uroho. Anamwambia mgeni, kitakachokudhuru wewe kimeshaingia tumboni mwangu. Mama Zaituni pombe hakuigusa, lakini desturi hiyo aliipenda, akaihamishia kwenye chakula. Nje ya mgahawa wake, ukingoni mwa barabara, aliweka benchi zito la mninga. Chakula kikiiva, kabla mteja yeyote hajapakuliwa, yeye alijipakulia sahani kutoka kwenye sufuria lile lile, akatoka, akakaa kwenye benchi, akala. Si kuonja kwa ncha ya kijiko kama anayepima chumvi. Alikula sahani nzima, taratibu, akiwaangalia wenye malori.

Madereva walijua. Ukitokea upande wa Nyakanazi ukamwona Mama Zaituni anakula benchini, unapunguza mwendo, maana chakula ni cha leo na kimeiva. Ukikuta benchi tupu, unapita. Hakuwa na ubao wa matangazo wala hakumwita mtu. Aliyepika ndiye aliyekaa, na kama hakukaa, ana sababu.

Nilijifunza hilo kwa kichekesho. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimechoka kubeba maji. Nikachukua kikombe cha uji, nikatoka, nikaona benchi liko wazi, nikakaa nikapumzisha miguu. Benchi ni la kukaliwa, au siyo? Sijafika nusu ya kikombe, lori la kwanza likaegesha. Likaja la pili nyuma yake. La tatu likapiga breki mpaka vumbi likatufunika. Madereva na mataniboi wakaingia ndani wakipangusa mikono, wakavuta viti, na kule jikoni maharage yalikuwa bado yanagongana sufuriani kama kokoto.

Mama Zaituni akatoka na mwiko mkononi. "Nani kakaa?"

Wote wakanigeukia mimi na uji wangu.

"Haya, wagawie uji wako," akasema, akarudi jikoni.

Wale wanaume walinicheka mpaka nikatamani kurudi Ntobeye kwa miguu. Kuna dereva mmoja mtu mzima, Mzee Kondo, mtu wa pwani aliyezoea njia ile, aliniita Mama Uji mpaka siku alipoacha kuendesha. Lakini toka siku hiyo sikukaa tena kwenye lile benchi mpaka lilipokuwa langu.

Huyo Mzee Kondo nilimwona siku nyingine akimbembeleza Mama Zaituni kama mtoto. Maharage siku hiyo yaligoma. Tulikuwa tumeuziwa ya zamani yaliyochanganywa na mapya, na hayo hayaivi pamoja hata ukiyasomea dua. Mengine yalipasuka, mengine yalibaki magumu. Wenzetu wa jirani wangetia magadi, yangelainika mara moja, na mteja angekula akaondoka na gesi yake. Mama Zaituni alikataa. Mchana ulipita, benchi tupu.

"Mama, nipe hivyo hivyo," Mzee Kondo akasema. "Nimetoka mbali, nina njaa."

"Sijala mimi, utakula wewe?"

"Basi nipe ndizi tu."

"Ndizi ziko juu ya hayo maharage, zimenyonya maji yake. Vuka barabara, kwa yule mama wa Kisukuma leo wali wake mzuri. Nimenusa."

Alimpeleka kwa mshindani wake! Mimi nilikuwa kijana, nikaona huyu mama amechanganyikiwa, anafukuza wateja. Mzee Kondo alivuka, akala wali, na safari iliyofuata alirudi kwetu, na akatuletea wenzake. Aliniambia, "Mama Uji, nikiambiwa leo usile, basi nikiambiwa kula nitakula nimefumba macho."

Kwa kuwa mmenifikisha kwenye maharage, nisiwaache hivi hivi. Maharage ya kule kwetu Kirushya, mapya, yachague mchana kweupe, mawe yake ni madogo na yanafanana nayo. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi yanayafanya yanune, na yakinuna hayabembelezeki. Chumvi mwishoni. Yakilainika ndipo unapanga ndizi juu, unafunika kwa majani ya mgomba, unaacha mvuke ufanye kazi yake, na mkono wako usiwe mwepesi wa kufunua funua. Anayefunua kila mara anapika kwa macho, na macho hayana moto.

Na ukiwa mteja, uliza kama kuna maharage ya kuchemsha tu, yasiyoungwa. Wakikuambia hakuna, yote yameungwa kwa nyanya na vitunguu na bizari, anza kujiuliza bizari inafunika nini. Maharage yaliyolala yakapashwa hutoa povu dogo dogo pembeni mwa sufuria hata moto ukiwa mdogo, na mchuzi unakuwa mzito wa kuvutika. Na ukichanganya kiporo na ya leo, hukuokoa kiporo. Umeua ya leo. Upawa mmoja wa jana unatosha kuchachisha sufuria zima kabla jua halijazama. Hilo ni la kukariri, wanangu, na si la kubishania.

Sasa nije kwenye kinachonichoma.

Mabasi ya masafa marefu yalipozidi kupita pale, zilijengwa hoteli za uwanja mpana, basi linaingia na kugeuka. Sitataja ya nani. Zipo kila barabara ya nchi hii na ninyi nyote mmeshashushwa humo. Basi linaingia, konda anapiga kelele, "Dakika ishirini, chimba dawa, kula, tunaondoka!" Abiria wanajipanga kwenye dirisha. Dereva na konda hawajipangi. Wao wana chumba chao nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia kuna mbuzi wa kuchoma aliyechinjwa asubuhi, ugali wa moto, supu, soda ya baridi, na hakuna anayewadai chochote. Mbele ya pazia kuna abiria na kiporo.

Mnaelewa mpango wenyewe? Mwenye hoteli hapiki kwa ajili ya atakayekula. Anampikia anayeshika usukani. Dereva akishiba nyuma ya pazia, ataleta basi kesho na keshokutwa, na abiria atakula atakachopewa kwa sababu hana pengine. Huo ni mtego, na chambo anakula dereva. Mimi nakasirika kila nikifikiria. Desturi yetu ilikuwa anayejua sufuria ale kwanza mbele za watu. Hawa wamegeuza, anayejua sufuria anakula kingine, na anakula mafichoni!

Siku moja, Mama Zaituni akiwa amekwishatangulia mbele ya haki na benchi likiwa langu, nilikuwa nimekaa nakula. Ng'ambo ya barabara basi lilikuwa limeingia kwenye hoteli mojawapo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniona, akaanza kuvuka kuja kwangu. Konda akamzuia kwa mkono.

"Mama, chakula kiko huku."

"Naenda pale kwa yule anayekula."

"Ukivuka tunakuacha."

Nikainuka na sahani yangu. "Wewe kijana! Amekodi kiti, hakukodi tumbo!"

"Mama, kila mtu na riziki yake," akanijibu, akicheka, mdomo unang'aa mafuta ya mbuzi.

Yule mama akarudi. Nilimwona anasogeza sahani, anamnusisha mtoto, anaiacha. Nilitamani kuvuka na kibao cha mkono. Sikuvuka, nilirudi kukaa.

Magoti yaliponishinda nilimwachia mgahawa Jenista, binti wa kaka yangu Lauriani wa Kirushya. Nilimlea jikoni mwenyewe. Jenista ana mkono wa ndizi kuliko mimi, nalisema hili bila wivu. Nikarudi Ntobeye kwenye migomba yangu nikiwa na amani.

Amani hiyo haikudumu. Alinipigia simu. "Shangazi, mambo yamebadilika. Malori hayasimami kama zamani. Madereva wengine wana majiko ya gesi, wanapika chini ya tela lao. Basi moja lina watu wengi kuliko malori ya kutwa. Na mimi nina watoto watatu shuleni."

Hilo nalo ni kweli, na sikulipuuza.

"Sasa?"

"Kuna dereva mmoja yuko tayari kuleta basi lake. Anataka tu chumba."

"Chumba cha nini?"

Akaanza kuniuliza habari za migomba. Nikajua.

"Jenista, usitundike pazia kwenye ule mgahawa."

"Shangazi, wewe ulikuwa na Mzee Kondo. Mimi nina nani?"

Nikamjibu kwa ukali, na simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye. Wiki ile sikulala vizuri. Mgahawa ule ulikuwa ndio shamba la Jenista. Ukifa, watoto wake wanarudi Kirushya kulima kwenye kipande ambacho kaka zake wameshakigawana. Ukiishi kwa pazia, jina la Mama Zaituni limekwisha. Nilikuwa naona njia mbili, na zote zinaniuma.

Nikapakia mikungu na maparachichi kwenye gari ndogo, nikaenda.

Nilishuka mchana. Basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya mgahawa wetu, abiria wamejaa mpaka nje, wengine wameshapata sahani, wengine wanapunga mikono. Sikuangalia watu. Niliangalia ukingo wa barabara. Benchi halikuwepo. Vilibaki vishimo vinne tu kwenye udongo, pale miguu yake ilipokaa miaka yote hiyo.

Lori moja lilikuja kutoka Nyakanazi. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaangalia pale pale nilipokuwa naangalia mimi. Akaongeza moto, akaenda zake.

Niliingia ndani. Jenista alikuwa anapakua kwa kasi, jasho linamtoka, hakunisalimu vizuri.

"Benchi liko wapi?"

"Liko ndani, Shangazi. Madereva walikosa pa kukaa."

Nyuma alikuwa ametundika pazia jipya la maua mekundu. Nikalifungua. Dereva na konda wake walikuwa wamekaa kwenye benchi la Mama Zaituni, katikati yao sinia la mbuzi.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja, maana adabu walikuwa nayo.

"Marahaba. Inukeni."

"Mama, tunakula..."

"Naona mnakula. Inukeni, hilo si la kwenu."

Waliinuka na mifupa yao mkononi. Nikashika upande mmoja wa benchi, na kwa kuwa haliwezi kubebwa na mtu mmoja, nikamwambia konda ashike upande wa pili. Masikini, akashika! Tukalitoa hivyo, mimi na magoti yangu mbele, yeye nyuma na mbuzi mdomoni, abiria wakitupisha na kuuliza kuna msiba gani. Tukaliweka kwenye vishimo vyake, likaingia sawasawa.

Nikasimama pembeni. Sikukaa. Mimi si mpishi tena, na benchi lile halikaliwi na shangazi wala mwenye nyumba. Linakaliwa na aliyepika.

"Jenista," nikaita. "Njoo ule."

Watu wakageuka. Jenista alitoka na sahani, ndizi na maharage, akiwa amenikazia macho ya chuki ambayo sijawahi kuyaona kwake tangu azaliwe. Akakaa. Akachota. Kijiko kikafika karibu na mdomo kikasimama.

Mzee mmoja wa kofia aliyekuwa bado hajaanza kula akamuuliza kwa upole, "Vipi, binti? Moto?"

Jenista akarudisha kijiko kwenye sahani. Alitazama kila mtu aliyeshika sahani pale nje, halafu akasimama.

"Ndizi ni za leo," akasema. "Maharage nimeyachanganya na ya jana. Watu walikuwa wengi, yangu hayakutosha. Msiyale."

Hapo mngesikia kelele! Mwingine alitema, mwingine alisema ameshamaliza na alikuwa anaomba kuongezwa. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Konda alimjia juu Jenista, akamwita mshamba, akasema basi lao halitakanyaga pale tena na atawaambia wenzake wote. Dereva alisimama mlangoni na sinia lake. Jenista aliingia ndani, akatoka na ndizi za kuchemsha alizokuwa ameziweka pembeni, na maparachichi niliyokuja nayo, akawagawia wote waliotaka. Walikula wamesimama, basi likapiga honi, wakaenda.

Tulipobaki peke yetu alilia. "Umeniaibisha, Shangazi. Mbele ya watu wote."

"Ni kweli," nikamwambia.

"Kesho watoto wangu watakula nini?"

Nilichukua sufuria la maharage upande mmoja, akashika upande wa pili, tukaenda kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Povu lilikuwa limeshaanza pembeni. Tulilitazama wote wawili. Jioni alishusha pazia, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizuri, akalikata akashona aproni mbili. Moja ninayo hapa nikiandika.

Nilirudi Ntobeye. Hakunipigia simu kwa muda mrefu, na mimi sikuthubutu. Habari nilizipata kwa wapita njia. Waliniambia malori mawili matatu yanasimama, siku nyingine hakuna. Mabasi yale hayarudi. Nilisikia na nilikasirika na nchi nzima, nikakasirikia hata migomba.

Mwezi uliopita nikaenda Biharamulo kutibiwa magoti. Tulitoka mapema, sikunywa chai, nikamwambia dereva wa gari kwamba Lusahunga tutasimama tule kwa binti yangu, na nikamsifia ndizi za Jenista njia nzima mpaka abiria wenzangu wakaanza kumeza mate. Tulifika mchana. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mbele ya mgahawa lilisimama basi, si lile, jingine, na konda wake alikuwa anamwonyesha Jenista saa ya mkononi, anapaza sauti, abiria wanachungulia madirishani. Jenista alikuwa mlangoni na mwiko wake na aproni ya maua mekundu. Alikuwa anatikisa kichwa.

Benchi lilikuwa mahali pake. Lilikuwa tupu.

Aliniona kupitia dirisha la gari letu. Hakunipungia niingie. Alinitazama, akatikisa kichwa na kwangu vile vile, kama alivyomtikisia konda.

"Mama, si ulisema hapa ndipo kwako?" dereva akaniuliza, ameshaanza kukata kona.

"Ndipo."

"Sasa nisimame?"

"Huoni benchi? Nenda, baba, nenda."

Abiria wenzangu walinung'unika sana, na walikuwa na haki. Basi, Deusi, na wewe wa nyota, jibu lenu ndilo hilo. Mkikuta Jenista amekaa anakula, shukeni. Mkikuta hakukaa, piteni, hata mkisema mmetumwa na mimi.

Mimi nilikula Biharamulo, wali wa juzi na mchuzi wenye bizari nyingi, nikamfokea mhudumu mpaka akamwita bosi wake, nikamfokea na bosi. Lakini tangu Lusahunga mpaka pale, wanangu, njaa ile niliibeba kwa furaha.